Gari la waya: Siri ya mwendo imo kwenye chasisi

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MAGARI mawili ya waya yaliachiwa kwa wakati mmoja kutoka juu ya njia ya miguu inayoteremka kati ya mawe ya Igogo, jijini Mwanza. La kwanza lilikuwa la kupendeza macho: kibanda cha bati, taa za vizibo vya soda, na bendera ndogo iliyochomekwa mbele. La pili lilikuwa mifupa mitupu, yaani waya na magurudumu manne yaliyokatwa kwenye ndala chakavu. Lile zuri lilikwenda hatua tano, likapinda kushoto na kuishia mtaroni. Mifupa ile ikateremka moja kwa moja mpaka chini, ikapita mlangoni mwa kinyozi na kusimama penye mchanga.

Watoto walicheka, na mwenye gari zuri akaketi kando kulirekebisha. Alianza na bati. Alilikunjua, akalikunja upya, akalirudisha. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa akipita, alitamani kumwambia kwamba bati halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa uvunguni, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Huko uvunguni ndiko iliko chasisi, au chesesi kama mafundi wengi wa gereji wanavyoitamka. Ni kiunzi cha chini kinachoshika ekseli na kubeba kila kitu kilicho juu yake. Kwa miaka mingi, kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, foleni ya kusubiri kivuko ilikuwa darasa la bure la somo hili. Malori yalisimama kwa saa nyingi, na mtoto mdadisi aliweza kuinama na kuona mihimili miwili mirefu ya chuma iliyopita kutoka mbele hadi nyuma, ikiunganishwa na mihimili mifupi ya kukingama, mfano wa ngazi iliyolazwa chini. Injini, kibanda cha dereva, tangi la mafuta na bodi vyote vimefungwa juu ya ngazi hiyo. Lori likipata ajali, kibanda hunyooshwa na kupakwa rangi. Lakini chasisi ikipinda, dereva mzoefu atakueleza kuwa gari hilo litakwenda upande kama kaa mpaka siku ya kuuzwa chuma chakavu.

Gari la kuchezea halina sheria tofauti na hiyo. Tofauti ni kwamba chasisi yake inaweza kuundwa mezani nyumbani kwa jioni mbili, kwa koleo moja na vitu ambavyo wengi wetu tunavitupa.

Ikumbukwe kuwa ufundi huu si wa watoto wa uswahilini peke yao. Nchini Uingereza, magari madogo ya umeme ya Scalextric yalianza kuuzwa mwaka 1957, na muda si mrefu mchezo huo ukavuma hata Marekani. Gari hukimbia juu ya njia yenye mfereji mwembamba. Chini ya pua yake kuna kijiti kinachoingia mferejini na kuliongoza, na kandokando ya mfereji kuna vipande viwili vya chuma vinavyopeleka umeme kwenye mota. Katika miaka ya 1960 washindani wengi hawakuridhika na chasisi za kiwandani, wakaanza kuunda zao wenyewe kwa kulehemu waya wa chuma kigumu na vipande vya shaba ya manjano. Hadi leo wapo watu wazima, wengine wastaafu, wanaoendelea kuunda chasisi za mtindo huo wa zamani kwa mikono, ingawa za kisasa zinapatikana dukani na zina mwendo wa kasi zaidi.

Huku kwetu waya haukusubiri Scalextric. Nchini Malawi gari la waya lina jina lake, galimoto, na katika mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ufundi wa namna hii ulivuka mpaka wa mchezo: chukudu, kigari cha magurudumu mawili kinachochongwa kwa mbao, hubeba mkaa, viazi na saruji za watu wazima. Mstaafu wa London na mtoto wa Igogo hawajuani, lakini adui yao ni mmoja, nayo ni ekseli iliyokaa mshazari.

Mwandishi aliamua kuunda gari moja pamoja na mpwa wake wa miaka 11, kwa lengo la kuchanganya mila hizo mbili: chasisi ya waya kama za hapa Mwanza, yenye mota ndogo na kijiti cha kuongozea kama zile za Uingereza. Yafuatayo ni maelezo ya kazi hiyo, pamoja na makosa yake.

Mihimili mirefu ilitokana na henga ya chuma ya kutundikia nguo. Henga moja ikikunjuliwa na kunyooshwa hutoa waya wa karibu mita moja, na waya wake ni mgumu kiasi cha kutopinda kwa uzito mdogo. Ekseli zilitokana na spoku mbili za baiskeli. Spoku ina unene wa takriban milimita 2, imenyooka tangu kiwandani, na ncha yake moja ina hesi na nati yake ndogo ambayo hufaa sana kuzuia gurudumu lisichomoke. Kwa viungo tulitumia waya laini wa kufungia nondo, ambao mabaki yake hayakosekani popote inapojengwa nyumba. Onyo moja hapa: waya wa TANESCO, hata ukiwa umeanguka chini na kuonekana umekufa, usiguswe. Mbali na kuwa mali ya umma, huenda haujafa.

Magurudumu ni ndala. Anayetembea ufukweni mwa ziwa baada ya mvua hawezi kuzikosa, kwa kuwa mifereji ya jiji huishia huko. Wingi wake ndio uliowafanya mafundi wa Lamu, Kenya, watumie takriban ndala 30,000 pamoja na tani kadhaa za plastiki chakavu kuunda jahazi la Flipflopi, lililozinduliwa mwaka 2018 na ambalo mwaka 2021 lilisafiri katika Ziwa Victoria kuhamasisha usafi wa maji. Sisi tulihitaji jozi mbili tu. Chora duara lenye kipenyo cha sentimita 6 kwa kuzungusha kikombe au mfuniko wa kopo, kisha kata kwa wembe mpya, taratibu, ukizungusha ndala na si wembe. Kazi ya wembe ni ya mtu mzima. Duara likishatoka lisuguliwe kwenye sakafu ya saruji mpaka liwe sawa pande zote.

Kabla ya kukunja chochote, waya unyooshwe. Hatua hii huchosha, na ndiyo maana wengi huiruka. Waya wa henga huwa na mawimbi madogo ambayo jicho haliyaoni mpaka ulaze kwenye kitu bapa. Katika karakana za vipimo duniani, meza za kupimia hutengenezwa kwa mawe ya matale, kwa sababu jiwe hilo halipindi wala halishiki kutu. Mwanza imekalia matale tele, lakini mvua na jua vimeyafanya mawe yetu kuwa mviringo kama mayai, hivyo tukalazimika kuomba kipande cha kioo cha dirisha kwa fundi, tukakifunika kingo kwa gundi ya karatasi. Waya ukilazwa juu ya kioo na kuviringishwa kwa kipande cha ubao, sehemu iliyopinda hurukaruka. Hapo ndipo pa kugonga. Tulitumia dakika arobaini kwenye hatua hii, na mpwa aliuliza mara tatu gari litaanza lini.

Vipimo vyetu vilikuwa hivi: mihimili miwili ya sentimita 22, ikiachana kwa sentimita 5, na mihimili mitatu ya kukingama. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 18, na kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia sentimita 11. Si lazima kuviiga, lakini gari fupi mno hutangatanga, na gari refu jembamba hulala ubavu kwenye kona.

Viungo vinahitaji maelezo ya ziada, kwa sababu ndivyo vinavyotofautisha gari la wiki moja na gari la mwaka. Kwa mafundi wa Ulaya kiungo hulehemiwa. Kwa watoto wetu kiungo hufungwa, na baada ya kujaribu njia zote mbili, mwandishi anasimama upande wa watoto. Mhimili mfupi hukunjwa ncha zake kwa sentimita 1 ili ncha hizo zilale sambamba na mhimili mrefu. Kisha waya laini huzungushwa kwa kubana, mzunguko kando ya mzunguko bila nafasi, mara 10 au 12. Ncha ya mwisho hupitishwa chini ya mizunguko na kuvutwa kwa koleo. Kiungo cha aina hii hujongea kidogo kikisukumwa kwa nguvu, na hilo ni jema kwa sasa, kwani chasisi bado itahitaji kusogezwa. Waliolehemu mapema hulazimika kuyeyusha upya kila kosa linapoonekana.

Ekseli haishikwi na waya uliokunjwa mara moja tu, kosa ambalo ndilo lililolimaliza lile gari zuri la Igogo. Kitanzi kimoja huiruhusu ekseli kuyumba mbele na nyuma. Kinachotakiwa ni kikuku chenye upana wa walau sentimita 1, kinachotengenezwa kwa kuzungusha waya laini kwenye msumari wa inchi moja na nusu, ambao kwa kawaida ni mnene kidogo kuliko spoku. Msumari ukichomolewa, spoku huingia na kuzunguka bila kubanwa wala kuchezacheza. Vikuku vinne hufungwa kwenye mihimili kwa mtindo ule ule wa viungo. Usipake mafuta ya kupikia; yatashika vumbi na baada ya siku mbili utakuwa na gundi. Unga wa ncha ya penseli unatosha.

Sasa ndipo kipimo kinapoingia. Chukua kipande cha uzi na pima kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kona mbili nyingine. Nyuzi zikilingana, kiunzi kimekaa mraba. Zisipolingana, sukuma kona iliyo ndefu kwa kiganja na upime tena. Halafu pima umbali kati ya ekseli mbili upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Hapa tulikosea.

"Mjomba, limenyooka," alisema mpwa, akiwa ameshaanza kuchonga taa.

Kwa macho lilikuwa limenyooka kweli. Kwa rula, upande wa kushoto ulikuwa mfupi kwa milimita 2. Ni kiasi kidogo sana, unene wa ile ile spoku. Lakini hesabu haina huruma: kwa gari la vipimo vyetu, tofauti ya milimita 2 hulifanya lizunguke kwenye duara lenye nusu kipenyo cha karibu mita 10, na baada ya kwenda mita 3 tu linakuwa limeacha mstari kwa takriban sentimita 45. Kwenye njia nyembamba ya Igogo, sentimita 45 ndiyo tofauti kati ya njia na mtaro. Mpwa hakuamini hesabu. Tulilisukuma sakafuni, likaenda likaupiga mguu wa kabati, naye akachukua rula mwenyewe bila kuambiwa.

Kipimo cha mwisho ni cha uzito, na juu yake mwandishi anaomba subira ya msomaji, kwa kuwa jambo hili kwa mkazi wa Mwanza si la mchezo peke yake.

Kila chombo kina kitovu cha uzito, pale ambapo uzito wake wote unaweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika. Kitovu kikiwa chini na magurudumu yakiwa yameachana, chombo hutulia. Kitovu kikipanda, chombo huanguka kwa mwinamo mdogo. Gari letu lenye upana wa sentimita 11, kitovu kikiwa sentimita 4 kutoka chini, linaweza kuinamishwa ubavu hadi takriban nyuzi 54 kabla ya kupinduka. Kitovu kikipandishwa hadi sentimita 8, kwa kurundika bati na mizigo juu, hupinduka kwenye nyuzi 34. Hili halihitaji kuaminiwa kwa maneno. Weka gari juu ya ubao, inua upande mmoja wa ubao polepole mbele ya mtoto, kisha ongeza jiwe juu ya bodi na uinue tena.

Meli si gari, na maji yana sheria zake. Hata hivyo, uzito uliozidi na uliokaa juu ni hatari kwa vyote viwili. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, imepakia kupita uwezo wake, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Wengi wao wamezikwa Igoma. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa na watu na mizigo kuliko kilivyoruhusiwa, na zaidi ya watu 220 wakafa. Mtoto aliyeona kwa macho yake gari lake likilala ubavu kwa sababu ya jiwe moja lililowekwa juu atakuwa na la kufikiri siku atakaposimama gatini na kuona watu wanavyorundikwa sitaha ya juu.

Kwa hiyo uzito uwekwe chini. Uzito gani? Washindani wa Ulaya kwa miaka mingi walibandika vipande vya risasi chini ya chasisi, kwa kuwa risasi ni nzito na hukatika kwa mkasi. Hapa kwetu risasi hupatikana kwenye chubwi za uvuvi, na mbaya zaidi kwenye betri chakavu za magari, ambazo baadhi ya vijana huzipasua na kuziyeyusha kwenye sufuria nyuma ya nyumba. Hilo lisifanyike, si kwa mchezo wala kwa biashara. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya risasi aliyoimeza kuliko mwili wa mtu mzima. Madhara yake makuu huwa kwenye ubongo, na hayarudi nyuma.

Mfano wake hauko mbali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa jirani na makazi ya watu, na watoto wakakutwa na risasi katika damu. Baada ya harakati ndefu zilizoongozwa na Phyllis Omido, aliyetunukiwa tuzo ya Goldman mwaka 2015, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2020 iliwapa wakazi fidia ya Sh bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ilipita ngazi za rufaa mpaka Desemba 2024, ambapo Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu hiyo. Hayo yote yalitokana na betri zile zile zinazopasuliwa uani.

Risasi imo pia kwenye aina nyingi za waya wa kulehemia unaotumiwa na mafundi redio. Anayelazimika kulehemu afanye hivyo penye hewa, mtoto akae mbali na moshi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Kwa gari letu haikuwepo haja, kwani uzito tuliutafuta mahali pengine: betri nne ndogo, za ukubwa wa zile za saa ya ukutani, zilizofungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu chini ya mihimili, katikati ya ekseli mbili. Zinatoa umeme wa volti 6 na wakati huo huo zinalivuta gari chini. Lisilohitaji mota linaweza kubeba nati mbili kubwa za lori mahali hapo hapo.

Mota yenyewe hutoka kwenye redio kaseti iliyokufa. Mpelekee fundi redio akutolee, kwa sababu vifaa vya umeme havifunguliwi na mtoto. Luninga za zamani za kioo kinene, kwa mfano, huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa ukutani. Mota nyingi za kaseti zina kidhibiti mwendo ndani yake na huzunguka upande mmoja tu, hivyo kugeuza nyaya za betri hakutalifanya gari lirudi nyuma, na kunaweza kuiharibu mota. Gari likienda kinyume, geuza mota yenyewe ikae upande wa pili. Betri za simu zisitumike. Zikigusanishwa nyaya kimakosa huvimba na kuweza kuwaka moto.

Mota ilifungwa kati ya mihimili, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Kapi yake ndogo ilikuwa na kipenyo cha milimita 6. Kwenye ekseli tulibandika mifuniko miwili ya chupa za maji, mgongo kwa mgongo, na kuchonga mfereji wenye kipenyo cha milimita 30, kisha tukapitisha mpira mwembamba wa kufungia noti. Maana yake ni kwamba mota huzunguka mara 5 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Mota nyingi za kaseti hukusudiwa kuzunguka mara 2,400 kwa dakika. Gawanya kwa 5, upate 480. Zidisha kwa mzingo wa gurudumu, ambao ni karibu sentimita 19, na utapata mita 90 hivi kwa dakika, mwendo wa mtu mzima anayewahi daladala. Kwa kweli letu lilikwenda pungufu ya hapo, kwa kuwa redio yake ilikuwa ya volti 9 na mpira huteleza. Mpwa hakulalamika.

Magurudumu ya nyuma yanapaswa kushikamana na ekseli ili yazungushwe nayo, hivyo spoku ilikunjwa ncha moja na kuchomekwa ndani ya ndala, na upande wa pili nati yake ikakazwa juu ya kizibo cha soda. Ya mbele yaliachwa huru, kila moja likizunguka kivyake, jambo linalosaidia gari kukata kona bila kuburuta.

Kilichobaki ni mfereji. Tulilaza mbao mbili ndefu za mabaki ya seremala sambamba, zikiachana kwa milimita 5 hivi, tukazipigilia vipande vya kukingama kwa chini. Chini ya pua ya gari tulifunga msumari ulioelekea chini, ukaingia kwenye mwanya huo. Njia yetu ilikuwa ya mita 3, imenyooka, haina kona hata moja, na jirani aliyekuja kutazama aliuliza kwa nini gari linaloenda mbele tu lihitaji kuongozwa. Swali lake ni zuri. Mwanya ule kwetu haukuwa barabara, ulikuwa kipimo. Tulipaka mkaa kwenye msumari, tukaliachia gari mara kumi, kisha tukainamia mbao kutazama. Chasisi iliyonyooka huacha alama hafifu kwenye kingo zote mbili. Yetu iliacha mstari mweusi kwenye ubao wa kushoto, kuanzia katikati hadi mwisho, ingawa rula ilikuwa imetuhakikishia kuwa tumemaliza.

Alama ikiwa kushoto, gari linavuta kushoto, na maana yake upande wa kushoto ungali mfupi. Tulilegeza waya wa kikuku cha nyuma kushoto, tukakisogeza nyuma kwa unene wa ukucha, tukakaza, tukafuta mkaa na kurudia. Safari ya tatu alama zikawa pande zote. Bodi ya bati bado haijatengenezwa; mpwa amesema kwanza anataka kulipeleka gari mlimani likiwa hivyo hivyo, mifupa mitupu.